Nani Ameuchukua Usingizi wa Akina Mama?

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Yuliana aliteka maji bombani, akafagia uwanja, kisha akamwogesha mdogo wake Maneno, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Mama yake, Josephina, alikuwa na desturi ya kukoroga uji huku akiimba nyimbo za kanisani. Siku hizi hakuimba. Alikaa mbele ya mafiga, macho yamemwiva mekundu, akiutazama moto kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umelalaje?"

"Salama. Na wewe je?"

"Niulize jambo jingine," mama alijibu.

Kijiji chao kilikuwa kipya. Mwaka uliotangulia, wakati wa Operesheni Vijiji, watu wengi waliteremshwa kutoka milima ya Uluguru, wakaacha migomba yao na mibuni yao, wakaja kuishi pamoja bondeni, upande wa Mlali. Nyumba zilipangwa kwa mstari. Kulikuwa na shamba la ujamaa, duka la ushirika, shule, na zahanati yenye paa la bati. Watu wengine walitoka mbali zaidi, Gairo na kwenye mashamba ya miwa. Huko milimani kila familia ilikuwa na kilima chake. Hapa mtu akikohoa, jirani anamwambia pole bila kutoka kitandani.

Na katika kijiji hicho wanawake walikuwa hawapati hata lepe la usingizi. Hawakuwa wote, lakini walikuwa wengi, na kila mmoja alidhani yuko peke yake mpaka walipoulizana bombani. Mama Kondo, jirani yao wa ubavuni, alisema anahesabu maboriti ya paa mpaka jogoo awike. Mwingine alisema moyo unamwenda mbio kama amefukuzwa. Wanaume je? Wanaume walikoroma. Baba yake Yuliana alikoroma mpaka sufuria zikalia rafuni. Jambo hilo ndilo lililowatia akina mama shaka kubwa. Ugonjwa gani huu unaochagua wanawake na kuwaacha waume zao?

"Huu si ugonjwa," Mama Kondo alisema siku moja akiwa ameketi kwenye kigoda cha mama, sauti ameishusha. "Huu ni mkono wa mtu. Na mtu mwenyewe tunamjua."

Yuliana alikuwa akichambua mchicha karibu nao. Aliendelea kuchambua, ila masikio yake yote yalikuwa kwenye kile kigoda.

"Bi Shamsia?" mama aliuliza.

"Kwani kuna mwingine? Alitamka mwenyewe siku ile darasani. Nilisikia kwa masikio yangu. Alisema hatutalala. Na kweli, tangu siku ile tumelala?"

Mama alimtazama Maneno aliyekuwa akicheza na ganda la muhogo, akamvuta karibu naye.

Bi Shamsia alikuwa mjane aliyezaliwa Pangani. Mumewe alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya miwa, na alipofariki, mama huyo alikubali kuja kuanza maisha kijijini. Alipewa nyumba ya mwisho katika mstari. Hakuwa na mtoto wala ndugu hapa. Mambo ya darasani yalianza kwa wema wake, na hakuna aliyekumbuka hivyo sasa.

Ilikuwa hivi. Akina mama walikuwa na darasa la kisomo jioni, wakitoka shambani. Mwalimu Athanas, kijana mpole wa shule ya msingi, aliandika ubaoni, na alipogeuka akakuta nusu ya darasa wanasinzia. Sasa walipohama milimani, akina mama hawa walikuja na magunia ya kahawa. Mvua iliyanyeshea njiani, na mnunuzi akaikataa kahawa hiyo. Ikabaki kwenye kona za nyumba. Waluguru hao walikuwa wameilima kahawa tangu enzi za babu zao, wameichuma, wameimenya, wameianika na kuiuza, lakini kuinywa hawakuinywa. Lilikuwa zao la sokoni, kama pamba. Nani anatafuna pamba?

Bi Shamsia ndiye aliyesema kwamba kahawa ingewaondolea usingizi darasani. Aliikaanga, akaitwanga, akaipika na tangawizi katika mdila, lile birika la shaba la watu wa pwani, akawamiminia katika vikombe vidogo visivyo na mkono. Wenyewe walicheka. Mama Kondo alikishika kikombe chake kwa vidole viwili akauliza kama wanakunywa wao au wananyweshwa vifaranga. Halafu kicheko kikageuka shaka. Kahawa yao, ya jasho lao, mbona mgeni anawapimia? Anamfichia nani? Basi wakamnyang'anya kazi. Wakaipika wenyewe katika sufuria kubwa, kwa sukari ya duka la ushirika, na kila mama akanywa kopo zima la bati, na aliyemaliza akaongezewa. Siku hiyo ndipo Bi Shamsia alipotamka aliyotamka, akachukua mdila wake akaenda zake.

"Usipokee kitu chochote kwake," mama alimwambia Yuliana baada ya Mama Kondo kuondoka. "Hata embe. Na ukipita pale, mwangalie anafanya nini."

Hivyo Yuliana akawa mpelelezi, yeye na Kondo, mtoto wa Mama Kondo, aliyesoma naye darasa la tano. Wakitoka shule walijifanya wanaokota kuni nyuma ya nyumba ya mwisho. Ukimwangalia mtu kwa jicho hilo, kila afanyacho kina kasoro. Bi Shamsia alifagia, nao wakasema anafuta nyayo. Alicheka peke yake, wakasema anaongea na asiyeonekana. Siku moja walimwona akitwanga kitu cheusi katika kinu kidogo. Siku nyingine alitoka na kibakuli, akatazama huku na huku, akamwaga uchafu mweusi kwenye mashina ya pilipili zake na kuufukia.

"Umeona?" Kondo alinong'ona.

"Nimeona."

Habari ile ilifika bombani kabla yao. Kufikia jioni, kile kibakuli kilikuwa kimekuwa chungu, na uchafu mweusi ulikuwa umekuwa nywele za watu.

Siku mbili tatu baadaye likatokea jambo lililoondoa masihara yote. Mama alikuwa ameinjika uji mchana, Maneno akiwa miguuni pake. Usingizi aliousubiri usiku kucha ukamjia hapo hapo, ameketi, mwiko mkononi. Alizinduka kwa mayowe. Sufuria ilikuwa imepinduka, na uji wa moto ulikuwa umemwagikia mguu wa mtoto. Mama alikimbia naye mpaka zahanati bila viatu. Mguu ulifungwa bendeji, na nesi alisema utapona, lakini mama alirudi nyumbani amekuwa mtu mwingine. Hakulia. Alisema kwa sauti kavu kwamba sasa imetosha.

Jioni ile akina mama walikwenda kwa Mzee Laurenti, balozi wa nyumba kumi. Walitaka Bi Shamsia aondolewe kijijini. Mzee Laurenti alikuna kichwa, akaitisha mkutano siku ya Jumamosi. Yuliana alimsikia akimwuliza mama, "Na tukimtoa, ataenda wapi? Mumewe kafa, na kule kwenye miwa nyumba ilikuwa ya kampuni."

"Mwanangu ameungua, balozi," mama alijibu. "Hilo ndilo ninalolijua."

Zamu ya kuosha sufuria ya darasani ilikuwa ya mama, lakini kwa kuwa hakutaka kumwacha Maneno, Yuliana ndiye aliyekwenda kuiosha. Chini yake kahawa ilikuwa imebaki, bado ya vuguvugu, yenye sukari. Hakuna mtoto aliyewahi kupewa kahawa ile. Akatazama mlangoni, akachota kopo, akanywa. Ilikuwa chungu na tamu kwa pamoja. Akachota tena.

Usiku huo Yuliana alijifunza jinsi mama anavyoishi. Alijigeuza upande huu, akajigeuza upande ule. Mwili ulikuwa umechoka, ila macho yalikataa kufumba na moyo ulimdunda masikioni. Kwanza aliogopa. Alidhani sasa na yeye ameshikwa, kwa sababu ya kupeleleza. Lakini hofu ilivyopungua, wazo jingine likaingia. Bi Shamsia hakumwona leo. Hakumgusa wala hakumsemesha. Kitu kipya kilichoingia mwilini mwake leo kilikuwa kimoja tu.

Kesho yake alisinzia darasani mpaka akachapwa kiboko kimoja. Walipofunguliwa, hakumngoja Kondo. Alikwenda moja kwa moja mpaka nyumba ya mwisho, akasimama uwanjani.

"Hodi. Shikamoo, Bi Shamsia."

Mama huyo alitokeza mlangoni. Alikuwa amekonda kuliko alivyoonekana kwa mbali. Hakumkaribisha.

"Marahaba. Leo umechoka kujificha kwenye kuni, au umetumwa uje karibu?"

Yuliana aliona aibu mpaka shingoni. Kumbe siku zote aliwaona.

"Sikutumwa. Nataka kukuuliza. Siku ile darasani ulisema nini?"

"Kwa nini unauliza wewe? Wakubwa wote hawakuuliza."

"Kwa sababu jana nilikunywa kahawa ya darasani, na sikulala."

Bi Shamsia alimtazama, bado na mashaka, kama mtu anayepima kama pale chini pana shimo. Kisha akavuta mkeka, akamwonyesha mahali pa kuketi.

"Nilisema hivi: kahawa ni ya kikombe kidogo, na ni ya asubuhi au mchana. Hata mimi nilikosea kuwapikia jioni, nikawapa kidogo tu ili wasizidishe. Nikawaambia, mkiinywa kwa makopo saa hizi, usiku hamtalala. Mama Kondo akasema nina wivu na sufuria. Basi nikanyamaza. Mimi ni mgeni, mwanangu. Ningesema tena, wangesema nina langu."

"Na kile cheusi ulichofukia kwenye pilipili?"

Kwa mara ya kwanza Bi Shamsia alitabasamu kidogo. "Machicha ya kahawa yangu ya asubuhi. Pilipili zinayapenda."

Yuliana alirudi nyumbani mbio, lakini alipomweleza mama, mambo yalikwenda kombo. Mama alisimama ghafla.

"Umekwenda kwake? Umekula nini? Amekupa nini?"

"Hakunipa kitu, mama. Ni kahawa. Mimi mwenyewe niliinywa, na..."

"Kahawa tumezaliwa nayo," mama alimkatiza. "Bibi yako alilala juu ya magunia ya kahawa maisha yake yote. Huyo mwanamke amekupaka maneno mdomoni. Ole wako urudi kule."

Yuliana alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Hakuna kinachouma kama kusema kweli ukaambiwa umetumwa.

Siku iliyofuata ilikuwa ya kubadilisha bendeji ya Maneno. Nesi Yustina wa zahanati alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Alipokuwa akisafisha mguu wa mtoto, alimtazama mama zaidi ya alivyoutazama mguu.

"Mama Yuliana, siku ile uliniambia ulisinzia jikoni. Usiku hulali?"

Mama aliinamisha kichwa. Alisema habari za usiku wake kwa mafungu mafungu, na mwisho akasema jina la Bi Shamsia. Nesi hakucheka. Yuliana aliona kwamba hii ndiyo nafasi yake, na kama angeambiwa ametumwa, basi na aambiwe.

"Nesi, wanakunywa kahawa jioni. Kila mmoja kopo zima, wengine mawili. Juzi nilikunywa mimi, sikulala."

"Yuliana," mama alifoka.

"Mwache," nesi alisema. Akaketi kwenye benchi, mtoto mapajani. "Na wanaume wenu wanainywa?"

"Hapana," mama alijibu polepole. "Wao darasa lao ni siku nyingine. Wakitoka huko wanakwenda kilabuni."

"Sasa sikiliza. Kahawa ina nguvu ya kuamsha mwili. Ndiyo maana inawasaidia darasani. Lakini ile nguvu haiishi mkifunga madaftari. Unakwenda kulala nayo. Asubuhi umechoka, mchana umechoka, jioni unaongeza kopo ili usisinzie, na usiku unakesha tena. Mnazunguka kama ng'ombe anayezungusha kinu cha mafuta."

Mama alikunja uso. "Na yeye alijuaje? Mbona alitamka kabla?"

"Kwa sababu huko kwao watu wanaijua kahawa kwa kuinywa. Nyinyi mnaijua kwa kuilima. Si lazima uniamini, mama. Iache jioni, wewe na wenzako, kwa juma moja. Siku za kwanza kichwa kitauma, usitafute mchawi wa kichwa tena. Nitamwomba balozi asogeze mkutano mbele. Kama hamtalala, nitakuja kusema mbele ya watu wote kwamba nilikosea."

Mama alikubali, lakini usoni ilionekana wazi kwamba alikubali ili amwonyeshe nesi kwamba amekosea. Alikuwa ameshika mlango ili atoke, nesi akamwita tena.

"Na kitu kingine. Ukiwa macho, unawaza nini?"

Swali hilo lilimkuta mama hajajiandaa. Alisema anawaza migomba yake kule juu, kama nyani wameimaliza. Anawaza kaburi la mama yake, nani analipalilia. Hayo hakuwahi kumwambia mtu, hata baba. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ncha ya khanga.

"Hayo yaseme mchana," nesi alimwambia taratibu. "Mwambie mumeo, mwambie jirani, mpande huko siku moja mkapalilie. Mawazo ukiyanyamazia mchana, usiku yatakuja kukuamsha. Na usinunue vidonge vya usingizi kwa wachuuzi wanaopita. Ukiona bado hulali, rudi kwangu."

Juma lile lilikuwa gumu. Vichwa viliuma kweli. Darasani walisinzia tena, mpaka Mwalimu Athanas akaona afadhali kisomo kihamie saa za mchana, kabla ya zamu ya pili ya shamba. Mama Kondo alisema waziwazi kwamba nesi na Bi Shamsia ni lao moja. Lakini alipodhani hakuna anayemwona, na yeye aliliacha kopo lake limejaa.

Halafu asubuhi moja Yuliana alitoka kuteka maji, akarudi, akafagia, na mama bado hajatoka chumbani. Alichungulia kwa wasiwasi. Mama alikuwa amelala chali, mdomo wazi, akikoroma kumshinda baba. Yuliana alikoroga uji mwenyewe, na furaha ilimjaa hata akauunguza.

Mkutano ulifanyika Jumamosi iliyofuata, chini ya paa la shule. Akina mama walikuja wamenawiri, na wengi wao walitazama chini. Bi Shamsia aliketi peke yake mwisho wa benchi. Nesi Yustina alieleza habari ya kahawa kwa maneno machache, kisha mama akasimama.

"Mimi ndiye niliyekwenda kwa balozi kutaka huyu mama atolewe. Alituonya, tukasema ametulaani. Mwanangu aliungua kwa sababu ya kopo langu mwenyewe. Bi Shamsia, nisamehe."

Mzee Laurenti aliuliza kama Bi Shamsia ana neno. Mama huyo alisimama, akajifunga ushungi wake vizuri.

"Nimesamehe. Ila nina swali kwa nesi. Wenzangu walikosa usingizi kwa kahawa, wameacha, wamepona. Mimi jioni sinywi kahawa. Lakini tangu waliponianza, sijalala. Nikisikia hatua nje, nasema hao wamekuja kunitoa. Dawa yangu mimi ni ipi?"

Nesi Yustina aligeuka akawatazama akina mama, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeweza kumtazama machoni. Mama Kondo alijishughulisha na kifundo cha khanga yake. Mkutano uliisha hivyo.

Jioni ile, baada ya chakula, mama alikunja mkeka na shuka. Alimwacha Maneno na baba, akamwambia Yuliana amfuate. Walitembea mpaka nyumba ya mwisho.

"Hodi."

"Nani?" sauti iliuliza kutoka ndani, na Yuliana aliisikia hofu iliyokuwamo.

"Ni mimi Josephina na binti yangu. Tumekuja kulala kwako. Kesho atakuja Mama Kondo, nimeshamwambia. Tutakuja kwa zamu mpaka utakapotuchoka."

Walisubiri. Kisha komeo likavutwa.

Asubuhi Yuliana alipoamka, jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Bi Shamsia alikuwa amejikunja kwenye kitanda chake, pumzi zake nzito na za taratibu. Mama alikuwa uwanjani akipuliza moto. Yuliana aliinuka ili amwamshe mwenye nyumba, kwa kuwa aliona vibaya wageni kutangulia kuamka.

"Mwache alale," mama alisema kwa sauti ya chini, akichungulia mlangoni. "Siku zote tuliuliza nani ameuchukua usingizi wetu, na hakuna aliyeuchukua, tuliutupa wenyewe. Lakini wake ulichukuliwa, Yuliana. Ukimtilia mtu shaka, nenda kamwulize yeye mwenyewe, kama ulivyofanya wewe. Sisi hatukumwuliza. Sisi ndio tuliouchukua."